Nimesoma Maombolezo nikakosa faraja: je, nimesoma vibaya?

Swali

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa visiwani Ukerewe. Mwaka jana, usiku wa giza, upepo uliwakuta ziwani. Wenzake wawili waliokolewa, yeye hakuonekana, na hadi leo hatujapata mwili wa kuzika. Baada ya matanga ndugu zake walichukua nyumba na mtumbwi, nami nikavuka kuja Mwanza na watoto watatu. Nimepanga chumba Igoma na ninauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kanisani wananipa Yeremia 29:11 na Maombolezo 3:22, wananiambia nisihuzunike kama wasio na matumaini, na mama mmoja alisema ziwa halimchukui mtu bure. Nikaamua kukisoma kitabu cha Maombolezo chote mwenyewe. Nimekuta Mungu anayemsimamisha mtu awe shabaha ya mshale, na anayejifunika wingu ili maombi yasipite. Je, nimesoma vibaya? Na huruma ya Mungu iko wapi kwa mtu aliye ugenini kama mimi? Mwanangu wa miaka tisa ameniuliza hivyo hivyo, nikakosa la kumjibu.

Jibu

Mama, pole sana. Hujasoma vibaya. Umesoma kuliko wengi wetu tunaokinukuu kitabu hicho, kwa sababu umekisoma chote, ilhali katika misiba mingi ninayohudhuria hapa Mwanza kitabu cha Maombolezo hufunguliwa kwa aya mbili tu, kikafungwa tena kabla hata turubai halijashushwa. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana niliyetoka chuoni karibuni, niliwahi kusimama msibani nikasoma "rehema zake hazikomi" kwa sauti kubwa mbele ya baba aliyekuwa amezika watoto wawili ndani ya juma moja, kisha nikaketi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Yule baba hakunijibu neno. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba nilimsomea kipande, nikamnyima kitabu.

Kitabu chenyewe kina sura 5, na kila sura ni shairi linalojitegemea. Kilizaliwa katika maangamizi ya Yerusalemu, mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, wakati jeshi la Nebukadneza mfalme wa Babeli lilipoubomoa mji na kuliteketeza hekalu baada ya kuuzingira kwa muda wa karibu mwaka mmoja na nusu, na njaa ikafika mahali ambapo, kwa ushuhuda wa sura ya 4, mikono ya wanawake wenye huruma ilipika watoto wao wenyewe. Mapokeo yanamtaja Yeremia kuwa mwandishi, ndiyo maana Biblia zetu zinakiweka mara tu baada ya kitabu cha nabii huyo. Lakini mashairi yenyewe hayamtaji mtu yeyote, na katika Biblia ya Kiebrania yamewekwa mbali na Yeremia, pamoja na vitabu vinavyosomwa kwa siku maalumu za mwaka. Wayahudi hadi leo hukisoma siku ya 9 ya mwezi wa Abu, wakiwa wamefunga na wengi wao wameketi chini, kama tunavyoketi sisi kwenye mikeka tukiwa na msiba. Na aya ya kwanza kabisa kuhusu mji ule inakuhusu: "Jinsi alivyokuwa kama mjane."

Naomba uangalie jinsi mashairi hayo yalivyotungwa, kwa sababu umbo lake ni sehemu ya jibu ninalotaka kukupa. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina beti 22 kila moja, na kila ubeti huanza kwa herufi inayofuata, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Sura ya 3 inafanya hivyo mara tatu, aya tatu kwa kila herufi, ndipo ikafikia aya 66. Tena, katika sehemu kubwa ya kitabu kipande cha pili cha mshororo ni kifupi kuliko cha kwanza, hivyo anayelisikia shairi kwa Kiebrania husikia kama hatua za mtu anayechechemea. Wapenzi wa vina na mizani wataelewa kazi iliyofanyika hapo: mtu aliyepoteza kila kitu ameketi akaulazimisha uchungu wake upite katika herufi zote, pasiwe na kilio kilichosahauliwa. Sura ya 5 ina aya 22 vilevile, lakini mpangilio wa herufi haumo tena. Baadhi ya wafafanuzi hudhani ni mabadiliko ya mtindo tu. Mimi, kila ninapoisoma, huhisi kwamba mtunzi alikuwa amechoka.

Sasa tazama tumaini limewekwa wapi. Limewekwa katikati ya kitabu. Mtu wa sura ya 3 anaanza kwa kusema, "Mimi ni mtu aliyeona mateso," na kwa aya 20 anamshitaki Mungu kwa maneno ambayo sisi tungemkemea kwa kuyasema: kwamba amemzungushia ukuta, amemrarua kama dubu na simba, amemfanya shabaha. Aya ya 18 inasema waziwazi kwamba tumaini lake kwa BWANA limepotea. Halafu, aya tatu tu mbele, "Najikumbusha neno hili, kwa hiyo nina matumaini," na hapo ndipo inapokuja ile aya unayopewa kanisani: "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi." Katikati ya aya ya 18 na ya 21 hakuna kilichobadilika. Jeshi halijaondoka, mtoto hajafufuka, mkate haujapatikana. Alichofanya ni kukumbuka, na anachokikumbuka bila shaka ni jina ambalo Mungu alijitangazia kwa Musa baada ya dhambi ya ndama, katika Kutoka 34:6: "Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli." Mtu huyu anaushika ukweli wa zamani gizani, jinsi mvuvi anavyoshika kamba asiyoiona mwisho wake.

Na baada ya hapo hatulii. Hili ndilo ambalo wanaonukuu aya mbili hawakuambii. Kufika aya ya 44 analalamika kuhusu lile wingu ulilolitaja. Kufika aya ya 48 macho yake yanachuruzika tena, naye anatamka kwamba hayatakoma mpaka BWANA atakapoangalia toka mbinguni na kuona. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyesema kwamba rehema hazikomi ndiye aliyesema kwamba machozi yake hayakomi, wala hakuna aliyemrekebisha, na kanisa likayapokea maneno yote mawili kuwa Maandiko Matakatifu. Anayekuambia uchague moja kati ya hayo mawili anakudai jambo ambalo kitabu chenyewe hakikumdai mtunzi wake.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno "rehema", maana Kiswahili chetu kina hazina ambayo hatuitumii. Katika Kiebrania neno lililotumika ni *rahamim*, nalo ni la shina moja na *rehem*, yaani tumbo la uzazi. Neno letu rehema limetufikia kupitia Kiarabu, na ni la shina hilohilo la kale; jirani yako Mwislamu anayeanza kazi zake kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu, anatamka konsonanti zilezile alizotamka mtunzi wa Maombolezo. Kwa hiyo unaposema "rehema za Mungu" unataja jambo la tumboni, jambo la mzazi. Wazee walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hawakukosea kutumia neno moja, uchungu, kwa maumivu ya kujifungua na kwa maumivu ya kufiwa. Ukitaka kumsikia Mungu wa Biblia akisema kwa uchungu huo, fungua Yeremia 31:20, anapomtaja Efraimu aliyechukuliwa utumwani: "Je! Efraimu siye mwanangu mpendwa?" Biblia yetu inaendelea, "moyo wangu unataabika kwa ajili yake." Kiebrania hakisemi moyo, kinasema matumbo yangu yananguruma kwa ajili yake. Watafsiri walilainisha, nadhani kwa heshima, lakini mama yeyote aliyewahi kusubiri habari mwaloni alfajiri anajua tumbo linavyokuwa.

Lakini umeuliza rehema hiyo iko wapi, na sitaki kukukimbiza kwenye jibu. Katika sura ya 1, Sayuni, yule mjane, anatajwa mara tano kuwa hana wa kumfariji: aya ya 2, 9, 16, 17 na 21, kama kiitikio. Kitabu kinaisha pasipo mfariji kutokea. Karibu na mwisho kabisa, katika 5:20, watu wanauliza, "Mbona watusahau sikuzote, na kutuacha muda huu mwingi?" na aya ya mwisho inataja uwezekano kwamba Mungu amewakataa kabisa. Ni mwisho mchungu kiasi kwamba Wayahudi wanapoisoma hadharani huirudia aya ya 21, ombi la kurejezwa, ili wasinyamazie kwenye ile ya 22. Mungu hajibu. Kwa miaka mingi kurasa zile zilibaki hivyo, swali bila jibu.

Kisha geuza mpaka Isaya 40. Sura zile, 40 hadi 55, zinasema na watu walioko Babeli karibu na wakati ambapo Koreshi mfalme wa Uajemi aliiteka Babeli, mwaka 539 kabla ya Kristo. Wasomi wengi wanaona ziliandikwa wakati huohuo, wengine wanashikilia kwamba Isaya wa kale alizitabiri mapema, na kwa swali lako hilo halibadilishi kitu. Neno la kwanza ni lile lililokosekana mara tano: "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu." Kwa Kiebrania ni kitenzi kilekile cha kufariji. Na katika 49:14 Sayuni ananukuliwa: "Yehova ameniacha, Bwana amenisahau." Kuacha na kusahau ni vitenzi viwili vilevile vya Maombolezo 5:20. Sikia sasa jibu: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Huko kuhurumia kunakotajwa ni kwa shina lile la *rahamim*.

Mama, hili ndilo jambo langu kuu katika barua hii yote. Mungu alipokuja kujibu, alijibu kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe. Maana yake yale malalamiko hayakupotea hewani wala hayakuhesabiwa kuwa kufuru. Yalitunzwa, neno kwa neno, yakawa ndiyo lugha ya faraja. Kama watu wa Yuda wangeambiwa wanyamaze, nabii angekosa cha kujibu. Kwa hiyo kilio chako unachoombwa ukikate ni sehemu ya maombi ambayo Biblia inayaonyesha yakisikiwa, hata pale aliyelia alipodhani wingu limeyazuia.

Imechukua muda gani? Kutoka kuanguka kwa mji hadi Koreshi ni karibu miaka 50, na hapa inabidi nizungumze juu ya Yeremia 29:11. Mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho ni ahadi ya kweli, ila aya ya 10, iliyo juu yake tu, inasema itakuwa baada ya miaka 70. Barua ile iliandikwa kwa watu waliohamishwa mwaka 597 kabla ya Kristo pamoja na mfalme Yekonia, na mtu mzima aliyeisikia ikisomwa alijua kwamba yeye atazikwa Babeli. Katika sura iliyotangulia yuko nabii mwingine, Hanania, aliyewatangazia watu kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi, naye Yeremia akamwambia kwamba anawategemeza watu kwenye uongo. Ninamkumbuka Hanania kila ninaposikia mjane akiahidiwa kuwa kabla ya mwaka kuisha machozi yake yatakuwa kicheko. Yeremia aliwaambia jambo gumu zaidi na lenye huruma zaidi: jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, ozesheni watoto, utakieni amani mji ule mliohamishiwa. Na walifanya hivyo. Wataalamu wa mambo ya kale wamepata vibao vya udongo vya kijiji kimoja huko Babeli kilichoitwa Al-Yahudu, mji wa Yuda, kibao cha zamani zaidi kikiwa cha mwaka 572 kabla ya Kristo, na ndani yake wahamishwa wanaonekana wakikodi mashamba, wakikopeshana na kulipa kodi, huku wengine wakiwapa watoto majina yenye jina la Mungu wao. Chumba chako cha Igoma na biashara yako ya Mwaloni viko katika ukoo huo wa mambo. Kuishi ugenini kwa bidii hakukufanyi umsahau mtu wako.

Walioko kisiwani wanaweza kukufanya udhani kwamba Mungu alibaki kule, penye nyumba yako na ndoa yako. Wahamishwa nao walifikiri hivyo, kwa kuwa hekalu lilikuwa Yerusalemu. Ezekieli, kuhani aliyekuwa mmoja wao, aliona maono kando ya mto Kebari mwaka 593 kabla ya Kristo, na mafundisho mengi juu ya maono yale hupotelea kwenye mabawa na macho, yakaliacha jambo lililo wazi: kiti cha enzi kina magurudumu. Mungu anaweza kusafiri. Katika 11:16 anasema kuhusu watu aliowatawanya mbali kwamba yeye mwenyewe amekuwa patakatifu kwao katika nchi walizozifikia. Marabi wa baadaye walisema kwamba kila Israeli alipohamishwa, utukufu wa Mungu ulihamishwa pamoja naye. Ezekieli huyohuyo alifiwa na mkewe, tamanio la macho yake, jioni moja huko huko ugenini; hiyo ni sura ya 24, na ninakiri kwamba ni sura inayonisumbua, kwa kuwa alikatazwa kulia hadharani iwe ishara kwa taifa. Ninaitaja ili mtu asije akaitumia dhidi yako. Ilikuwa amri kwa nabii mmoja kwa siku moja, nayo ilishangaza watu kwa sababu kila mtu alijua mfiwa hulia.

Kuhusu yule mama aliyesema ziwa halimchukui mtu bure, nitakuwa mkali kidogo. Bwana Yesu aliletewa habari ya namna hiyo, naye katika Luka 13:4 akataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wote wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe: sivyo. Ni kweli Maombolezo yanakiri dhambi ya taifa, na manabii walikuwa wameonya kwa miaka mingi. Lakini hata humo 3:33 inasema kwamba moyo wa Mungu haupendi kuwatesa wanadamu wala kuwahuzunisha. Sisi wa mwambao huu tulizika mamia ya watu baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, wengine wao wamelala hapo Igoma unapoishi, na tukazika tena zaidi ya watu 220 baada ya MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Walikuwamo wanakwaya, wanafunzi, wachuuzi na watoto wa mgongoni. Mtu anayejua dhambi ya kila mmoja wao anajua yale ambayo Kristo alikataa kuyasema.

Kuna aya nyingine nataka kukukinga nayo kabla hujapewa: Isaya 43:2, "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe." Ni ya kweli, lakini inasemwa kwa Yakobo, taifa zima lililo njiani kutoka utumwani, na haijawahi kuwa hati ya kwamba mvuvi mwamini hatazama. Ukipewa kana kwamba ni hati hiyo, itakugeukia iwe shitaka juu ya imani ya marehemu. Kwa mtu aliyepotelewa majini, mimi huenda kwanza Maombolezo 3:54, "Maji mengi yalipita juu ya kichwa changu," ambapo mtu anaita toka chini kabisa ya shimo. Aya tatu mbele lipo neno moja la Mungu: "Usiogope." Katika kitabu kizima chenye aya 154, hayo ndiyo maneno pekee yanayonukuliwa kutoka kinywani mwake. Hayaelezi kwa nini maji yalikuja, wala hayakani kwamba yalikuja. Yanasemwa na aliyekaribia.

Kutokuwa na kaburi ni msiba juu ya msiba, na watu wasiopitia hawajui. Raheli katika Yeremia 31:15 anakataa kufarijiwa kwa watoto wake "kwa kuwa hawako"; hasemi wamekufa, hasemi wako hai, neno lake ni hilo tu, hawako. Mungu anamjibu Raheli kwa ahadi kwamba watarudi toka nchi ya adui. Lakini Mathayo anapoinukuu aya hiyo kwa ajili ya akina mama wa Bethlehemu, huku mtoto Yesu akiwa mkimbizi Misri, anainukuu ile ya 15 peke yake na kuishia hapo. Sidhani alisahau. Watoto wa Bethlehemu hawakurudi, na mwinjili hakutaka kuwapa mama zao ahadi isiyokuwa yao siku ile. Mumeo naye hatarudi kwa boti ya kesho, na Paulo anapowaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini hakuwakataza huzuni. Alisema juu ya huzuni yenye ufufuo mbele yake. Aliyelia machozi kwenye kaburi la Lazaro alikuwa tayari anajua atamwita atoke.

Kuhusu nyumba na mtumbwi, nitasema kwa kifupi kwa kuwa si fani yangu. Hasira uliyo nayo usiione kuwa kizuizi cha sala: Zaburi ya 137, ile ya kando ya mito ya Babeli, inaishia kwa laana ya kutisha, na imeachwa ndani ya Biblia kwa sababu mtu aliyeitamka aliipeleka kwa Mungu. Hata hivyo, sala haikuzuii kufungua mirathi mahakamani. Kutoka 22:22 inakataza kumtesa mjane, na mjane anayesifiwa katika Luka 18 alisifiwa kwa kumsumbua hakimu mpaka akapewa haki yake. Tafuta mtu wa msaada wa kisheria mapema, na uende na cheti cha ndoa kama unacho.

Sasa mwanao. Usimwambie kwamba Mungu alimhitaji baba yake kuliko yeye. Ataanza kumwogopa Mungu kama mwizi. Usimwambie wewe huna huzuni. Mwambie hujui kwa nini upepo ule ulikuja usiku ule, na kwamba katika Biblia wako watu wazima waliouliza swali lake, na swali likaandikwa. Akitaka kujua baba yuko wapi ikiwa hana kaburi, msomee nusu ya aya, Ufunuo 20:13: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Aya inahusu siku ya mwisho na hukumu yake, na hayo mengine atajifunza akikua, kwa sasa inamtosha kujua kwamba aliyeko chini ya maji hajapotea machoni pa Mungu. Kisha, jioni moja atakapokuwa tayari, msomee Maombolezo sura ya 3 yote, hadi aya ya 66, kwa sauti, bila kuruka zile ngumu. Akilia ukiwa katikati, ngojeni kidogo, halafu mwendelee kutoka pale mlipoishia.